Tafuta Tona Kwanza, Printa Baadaye

Maswali mengi yaliyotufikia kutoka Mtwara na Lindi safari hii yanahusu printa ya leza ya nyeusi na nyeupe, inayotumia waifai. Tumechagua saba. Majibu yameandaliwa na mafundi na watumiaji wa siku nyingi wa mashine hizi.

*Ofisi yetu ya uwakili ipo Shangani, Mtwara mjini. Tuko watatu, kila mmoja na laptopu yake, na kwa mwezi tunatoa kurasa kama 600. Dukani tumeonyeshwa printa mbili za leza zenye waifai, moja bei yake ni karibu nusu ya nyingine. Muuzaji anasema kazi ni ileile. Tuchukue ipi?*
Msomaji, Shangani

Kuhusu herufi zitakazotoka kwenye karatasi, muuzaji yuko sahihi. Leza ya bei ndogo hutoa maandishi safi kama ya bei kubwa. Pesa yenu itaondokea kwenye tona, yaani unga wa wino unaokaa ndani ya katriji. Kabla ya kulipa, chukueni namba ya katriji ya kila printa, kisha piteni maduka mawili matatu mkiulizia namba hiyo tu. Mkiambiwa kote kwamba itaagizwa Dar es Salaam, basi printa hiyo itakuwa inasimama kila tona inapokwisha, mteja akiwa ameketi anasubiri hati yake ya kiapo.

Halafu pigeni hesabu ya ukurasa mmoja. Chukua bei ya tona, gawanya kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi. Tuseme printa ya kwanza ina katriji ya kurasa 1,000 inayouzwa shilingi 90,000, basi kila ukurasa ni shilingi 90. Ya pili ina tona ya kurasa 3,000 kwa shilingi 150,000, yaani shilingi 50. Kama dramu ya hiyo ya pili (silinda inayopeleka unga wa tona kwenye karatasi) huuzwa peke yake, iongezeni: kurasa 12,000 kwa shilingi 180,000 ni shilingi 15 nyingine, jumla 65. Kwa kurasa 7,200 za mwaka, ya kwanza itakula shilingi 648,000 na ya pili 468,000. Tofauti ya 180,000 kila mwaka inaweza kumaliza ile nafuu ya bei ya dukani mapema sana. Bei hizo ni za mfano. Wekeni za duka lenu.

Namba ya kurasa kwenye boksi hupimwa kwa kiwango cha ISO/IEC 19752, na kwa kawaida hulingana na ukurasa ambao wino umefunika takriban asilimia 5 tu. Barua fupi inakaribia hapo. Mkataba uliojaa maandishi, au nakala yenye muhuri na kivuli cheusi pembeni, hula zaidi. Ondoeni robo ya namba hiyo kabla ya kupanga bajeti. Tena, tona inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi ni pungufu, hata nusu ya ile ya dukani. Ulizeni.

Sasa mifano. HP LaserJet P1102w inatumia 85A ya kurasa 1,600. Ni ya zamani, ila katriji yake ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi na mafundi wa kujaza tona. Canon i-SENSYS LBP6030w inatumia 725, nayo kurasa 1,600, na Pantum P2500W iko kwenye kiwango hichohicho. Hizi zote trei yake ni ya karatasi 150 na hazigeuzi karatasi zenyewe. Zinatosha mtu mmoja nyumbani, lakini kwa watatu wenye kurasa 600 mtazichosha. Brother HL-L2350DW ina trei ya karatasi 250, inachapa pande mbili, na tona yake kubwa ni ya kurasa 3,000 huku dramu ikiwa peke yake, ya kurasa 12,000. Kyocera ECOSYS P2040dw ina tona TK-1160 ya kurasa 7,200, ambayo kwa kasi yenu ni karibu mwaka mzima, na dramu yake imetengenezwa kufika kurasa 100,000. Kama tona ya Kyocera inapatikana mjini, sisi tungechukua hiyo. Kama haipatikani, Brother.

Angalieni na herufi zinazofunga jina la printa. Kwa kampuni nyingi, *d* maana yake inachapa pande mbili, *w* ina waifai, *n* ina tundu la kebo ya mtandao. Ofisi ya watu watatu wanaokaa chumba kimoja na ruta itapata utulivu zaidi kwa kebo ya mtandao kuliko waifai, kwa hiyo ikiwezekana tafuteni yenye vyote viwili. Waifai yenyewe kwa printa nyingi za daraja hili ni ya gigahezi 2.4 tu. Ruta inayorusha 5 peke yake haitaonekana kabisa kwenye printa.

Mambo mawili ya mwisho, na haya yamewaumiza wengi. HP zenye herufi *e* mwishoni mwa namba, kama M110we, zimeunganishwa na mpango wa HP+. Ukishaukubali, printa inataka intaneti muda wote na tona halisi ya HP pekee, basi. Hata HP nyingine nyingi za sasa zinaweza kuikataa katriji yenye chipu isiyo ya HP baada ya kupokea sasisho. Pili, namba ya tona hubadilika kufuatana na soko. HL-L2350DW ya Ulaya inatumia TN-2410 na TN-2420, ya Marekani inatumia TN-730 na TN-760. Kwa hiyo msinunue tona kwa kutaja jina la printa. Nunueni kwa namba iliyoandikwa kwenye katriji iliyomo ndani.

*Mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Msimu wa korosho ukifunguliwa tunachapa orodha za malipo na stakabadhi mfululizo, baadaye miezi inapita kimya. Ofisi imepakana na ghala. Umeme ukikatika tunawasha jenereta dogo la wati 950, lakini printa ikianza tu, linazima.*
Katibu, Tandahimba

Ndugu katibu, jenereta halijaharibika. Ndani ya printa ya leza kuna fyuza, kifaa kinachoyeyusha unga wa tona ili ushike kwenye karatasi, na joto lake linakaribia nyuzi 200. Wakati wa kupasha, hata printa ndogo huvuta wati 900 au zaidi kwa mkupuo mmoja, kisha ikishuka hubaki kwenye mia tatu au mia nne ikiwa inachapa. Jenereta la wati 950 likiwa tayari limebeba laptopu, taa na feni, halina nafasi ya mkupuo huo. Tafuteni la kVA 2 au zaidi, na muda wa kuchapa zimeni feni.

Kwa sababu hiyohiyo msiichomeke printa kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. UPS ya kawaida ya VA 650 inatoa wati zisizofika 400. Printa ikianza kupasha, UPS italia na kuzima pamoja na kompyuta iliyokuwa inaandaa orodha. UPS iwe ya kompyuta na ruta. Printa ichomekwe ukutani kupitia stabilaiza isiyopungua VA 2,000, yenye kuchelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi. Umeme unaporudi kwa kishindo ndipo bodi za printa zinapokufa.

Vumbi la ghala la korosho lina madhara ya aina mbili. Kwanza linapaka rola ya kuvuta karatasi. Rola ikishakuwa na utelezi, printa inasema karatasi imekwisha wakati trei imejaa. Chomoeni umeme, toeni trei, futeni rola kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa maji kidogo, mkiizungusha kwa kidole, muiache ikauke. Petroli au thina msiguse, vinapasua mpira. Pili, vumbi hufika kwenye kioo cha leza, na hapo mtaona mstari mweupe uliofifia ukishuka kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Mkishabadilisha katriji na mstari ukabaki palepale, ni kioo, na hiyo ni kazi ya fundi.

Printa isikae sakafuni wala kwenye dirisha la upande wa ghala. Jioni, ikishapoa, ifunikeni kwa kitambaa cha pamba, hata kipande cha khanga. Plastiki inafungia unyevu ndani. Miezi ya kimya ndiyo mibaya zaidi kwa sababu mijusi na sisimizi hupenda kujificha mle, na kinyesi cha mjusi kwenye bodi ya umeme huleta shoti. Iwasheni angalau mara moja kwa wiki mbili, mchape kurasa kumi.

Kuhusu tona: orodha za malipo zina majedwali na tarakimu zilizobanana, kwa hiyo katriji ya kurasa 3,000 inaweza kuwaishia kwenye 1,800 au 2,000. Msisubiri mnada wa kwanza. Mwezi wa tisa muwe na katriji moja ya akiba, ndani ya mfuko wake uliofungwa, imelazwa, mbali na jua. Mkishaufungua mfuko, msiuache wazi mezani, kwani dramu inaharibiwa na mwanga. Chapeni kwa pande mbili orodha za kubaki ofisini. Stakabadhi anazopewa mkulima ziacheni upande mmoja.

*Nafundisha sekondari Nachingwea. Shule haina intaneti. Je, printa ya waifai inaweza kuchapa kutoka kwenye simu yangu bila bando?*
Mwalimu, Nachingwea

Inaweza, mwalimu. Waifai na intaneti ni vitu viwili. Waifai ni njia tu ya simu na printa kuonana humo humo chumbani, na mtihani wa kidato cha pili utatoka bila kutumia hata shilingi moja ya bando. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni Wi-Fi Direct, ambapo printa yenyewe inarusha waifai. Bonyeza kitufe chake, au kama hakuna, chapisha ukurasa wa taarifa za printa. Kwa printa nyingi ndogo za HP unashikilia kitufe cha karatasi kwa sekunde tano hivi. Ukurasa huo una jina la waifai na nywila. Kwenye simu fungua mipangilio ya waifai, chagua jina hilo, weka nywila. Simu ikikuonya kwamba mtandao huu hauna intaneti, kubali kubaki. Wengi hukwama hapa: simu hurudi yenyewe kwenye data, na printa inapotea. Zima data kwa muda. Kisha fungua faili, chagua kuchapisha, na printa itajitokeza.

Ya pili ni hotspoti ya simu, na hii inafaa kama walimu kadhaa wanataka kuitumia. Weka hotspoti kwenye gigahezi 2.4 na usalama wa WPA2, kwa sababu printa nyingi hazielewi WPA3. Kwa iPhone washa kipengele cha kuongeza upatanifu, ndicho kinachoishusha hadi 2.4. Jina na nywila viwe herufi na namba tu, bila nafasi wala alama. Iunganishe printa kwa programu ya kampuni yake. Baada ya hapo, chapa kwa kutumia simu ya pili iliyojiunga na hotspoti hiyo, kwani simu nyingine zinazorusha hotspoti zinashindwa kuiona printa iliyojiunga kwao.

Siku ya kwanza uwe na bando, maana programu za simu hupakuliwa na nyingine hudai usajili. Na unaponunua, tafuta alama za Mopria au AirPrint kwenye boksi. Printa isiyo nazo inategemea draiva (programu ya kuiendesha printa) ya kompyuta, na simu haitaweza kuiagiza bila programu maalumu.

*Niko Kilwa Masoko. Tangu mvua zianze, karatasi zinajikunja zikitoka, nyingine mbili kwa pamoja, na maandishi yamefifia kwa mabaka. Fundi amesema ninunue tona mpya.*
Msomaji, Kilwa Masoko

Usinunue bado. Fanya jaribio hili. Chukua karatasi tano, zipitishe kwenye printa kwa kuchapa ukurasa mtupu. Zirudishe haraka kwenye trei kabla hazijapoa, uchape maandishi. Yakitoka meusi na sawasawa, tona yako ni nzima na karatasi ndizo zenye unyevu.

Sababu ni hii. Unga wa tona hurukia karatasi kwa nguvu ya chaji ya umeme iliyowekwa nyuma ya karatasi. Karatasi yenye unyevu inapitisha umeme, chaji inavuja, na unga haushikwi vizuri, ndiyo yale mabaka. Karatasi zenye unyevu pia hugandana, ndipo zinavutwa mbili. Zikifika kwenye fyuza, upande unaoguswa na joto hukauka haraka kuliko wa pili na karatasi inajikunja. Mvuke mweupe unaotoka juu ya printa msimu huu ni maji hayohayo, si moshi.

Pwani ya Kilwa, kuanzia mvua za mwisho wa mwaka hadi Aprili au Mei, rimu iliyofunguliwa haifai kulala kwenye trei. Toa karatasi 30 au 50 za siku hiyo tu. Zilizobaki zirudi ndani ya karatasi yake ya nta, kisha kwenye ndoo au deli la plastiki lenye mfuniko unaobana. Jioni toa zilizobaki kwenye trei. Usihifadhi rimu sakafuni wala kuiegemeza ukuta wa nje. Nunua gramu 80 halisi, kwa sababu karatasi nyepesi hujikunja zaidi. Kwenye mipangilio ya draiva chagua karatasi nyembamba ili fyuza ipunguze joto. Brother wana hadi chaguo la kupunguza kujikunja. Na kwa miezi hii acha kuchapa pande mbili, maana karatasi iliyokwisha kujikunja ikirudishwa ndani ndiyo inayokwama.

Ukiwa na kiyoyozi ofisini, printa ikitolewa kwenye baridi na kupelekwa chumba cha joto isiwashwe hapohapo. Iache saa mbili, umande wa ndani ukauke.

*Ndugu yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia printa ya leza iliyotumika. Niipokee? Nina steshenari Masasi.*
Msomaji, Masasi

Mwambie asome kibandiko cha nyuma kwanza. Ikiandikwa volti 110 hadi 127, asitume. Umeme wetu ni volti 230, na fyuza ya 110 ikichomekwa itaungua, mara nyingine pamoja na bodi. Laptopu inakubali umeme wowote kwa sababu ya chaja yake, lakini printa ya leza haiko hivyo. Transfoma ya kushusha ingebidi iwe ya wati 1,500 au zaidi, na hata ukiipata bado utakutana na tona yenye namba za soko la Marekani.

*Katriji yangu ya 85A imejazwa mara ya tatu hapa Lindi. Sasa kuna doa jeusi linalojirudia, na ukurasa wote una ukungu wa kijivu.*
Msomaji, Lindi mjini

Chukua rula, pima kutoka doa moja hadi linalofuata. Kila rola ndani ya printa inapozunguka mara moja huacha doa lake mara moja, kwa hiyo umbali unakutajia mhusika. Dramu ya 85A ina kipenyo cha milimita 24 hivi, na mzunguko wake ni takriban milimita 75. Ukipata 75, dramu imechubuka. Kwa Brother ndogo dramu ni ya milimita 30, na umbali unakuwa 94. Umbali mwingine unaelekeza kwenye rola nyingine au fyuza.

Ukungu wa kijivu una sababu mbili za kawaida kwa katriji iliyojazwa. Moja ni unga usiolingana na katriji hiyo. Unga wa tona si mmoja kwa printa zote, hata kama wote ni mweusi. Nyingine ni chumba cha taka. Ndani ya 85A kuna ulimi wa mpira unaokwangua unga uliobaki kwenye dramu na kuutupa kwenye chumba kidogo. Mjazaji asipokimwaga kila anapojaza, kinafurika, unga unarudi kwenye dramu na kumwagika ndani ya printa.

Katriji ya namna hii, yenye dramu ndani, tungeijaza mara mbili kisha tungeiacha, isipokuwa fundi anabadilisha dramu na ulimi. Muulize waziwazi kabla hajaanza. Unga ukimwagika, upanguse kwa kitambaa kikavu, kisha kilicholowa maji baridi. Maji ya moto huuyeyusha ukaganda, na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi huurusha hewani. Vaa barakoa.

*Kijijini kwetu Liwale tunatumia sola yenye inveta ya wati 500. Printa ipi ya leza itafaa?*
Msomaji, Liwale

Hakuna. Mkupuo wa fyuza utaizima inveta hiyo kila mara, na inveta za bei nafuu ambazo wimbi lake la umeme si laini huharibu hata saketi inayodhibiti joto. Kwa leza ungehitaji inveta ya wimbi laini ya wati 2,000 na betri za kuibeba.

Chukua printa ya tangi la wino wa nyeusi tu, yenye waifai, kama Epson M1120. Haina fyuza, hivyo ikichapa inatumia wati kama kumi na kitu tu, pungufu ya balbu nyingi za zamani. Chupa yake kubwa ya wino inachapa kurasa karibu 6,000, na wino wake hauchuruziki karatasi ikiguswa na maji. Ina kasi ndogo kuliko leza, na ikikaa wiki nyingi bila kazi vitundu vyake huziba. Chapa ukurasa mmoja kila wiki, hata kama ni wa majaribio.